Bibi Alipobeba Isale

Baba mdogo alikuwa haendi kanisani, na huku kwetu Masama jambo kama hilo halifichiki. Jumapili kengele ikilia, njia yote inajaa vitenge na makoti yaliyopigwa pasi, na yeye utamwona amesimama kwenye kona na kamba begani, anasubiri pikapu ya kuteremka tambarare kufuata mabua ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe hakuwa wake. Alikuwa wa mjane jirani yetu ambaye miguu ilishamkatalia. Watu walimpita wakimwombea kwa sauti, ili asikie.

Aliacha kanisa nikiwa mdogo. Binti mmoja wa pale kijijini alitangazwa mbele ya ibada kwamba ametengwa, kwa sababu amebeba mimba. Aliyempa mimba alikuwa ameketi kwenye kwaya, upande wa besi, na kila mtu alimjua. Baba mdogo alisimama katikati ya tangazo akatoka, na hakurudi tena. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kama bado ana hasira.

"Hasira iliisha kitambo," alisema. "Ila ilipoisha nikaitafuta imani, sikuikuta."

Halafu akaugua tumbo. Hospitali mjini Moshi walimchunguza, wakamfungua, wakamfunga, wakatuambia tumrudishe nyumbani. Nilichukua likizo nikapanda kuja kumuuguza, maana aliyebaki pale alikuwa bibi peke yake, mama yake mzazi, naye ni wa kushikwa mkono.

Bibi hakulia juu ya kifo. Alilia juu ya kanisa. Mtu asiporudi kundini hazikwi na mchungaji wala hapigiwi kengele, sisi wenyewe tungemfukia migombani tukaondoka. Lakini hata hilo halikuwa lenye kumnyima usingizi.

"Mimi nitafika kule nimtafute," aliniambia, "nisimwone. Nitamuuliza nani?"

Akaacha kula. Mtori wa ndizi nilioupika ulipoa mbele yake, nikaupasha moto, ukapoa tena.

Nikaenda kwa mgonjwa. "Baba mdogo, si useme tu kwamba umerudi?"

"Niseme naamini? Siamini, mwanangu. Na uongo ni uongo, hata ukimwambia mchungaji."

Nikarudi jikoni. "Bibi, Mungu anauona moyo wake. Anajua alivyoishi."

"Wewe ndiye wa kunifundisha Mungu?" aliniuliza, na macho yake yalinifanya nishike mwiko nikoroge sufuria isiyo na haja ya kukorogwa.

Nilimkasirikia bibi. Nilimkasirikia na baba mdogo pia, Mungu anisamehe, kwa kuchagua kitandani pale pawe mahali pa kusimamia msimamo. Kila mmoja nilimwona ana haki, na haki zao zilikuwa zinawaua wote wawili mbele yangu.

Asubuhi moja nilimkosa bibi ndani. Nilimkuta anarudi kutoka mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, ameinama, ameshika jani la isale. Yeyote wa huku anajua maana yake. Ukimkosea mtu, ukamwendea na isale mkononi, hawezi kukukatalia, hata kama ulimwaga damu. Ila ni mdogo anayempelekea mkubwa. Sijawahi kusikia mzazi akimbebea mwanawe.

Nilisema, "Bibi, usifanye hivyo." Alinipita kama anayepita nguzo.

Aliingia, akaliweka jani juu ya blanketi. "Mwanangu, kama kuna mahali nilikosea katika kukulea, nisamehe. Rudi kundini." Kisha akashika ukingo wa kitanda, akaanza kushusha magoti.

"Mae! Mama, inuka!" Baba mdogo alijaribu kukaa, akashindwa. "Inuka, mama. Nimekubali. Waite."

Nilisimama mlangoni na taulo mkononi. Kisha nikaenda kumwita mchungaji.

Mchungaji alikuja mchana na wazee wawili wa kanisa. Alimuuliza kama anatubu, akasema ndiyo. Alimuuliza kama anaamini, akasema ndiyo, taratibu, akimtazama mama yake. Akapewa meza ya Bwana. Bibi aliimba kwa sauti ambayo sikujua bado anayo, na jioni ile alikula mtori bakuli zima.

Walipoondoka nilimnywesha maji baba mdogo kwa kijiko. "Umenisikia nilivyodanganya?" aliniuliza. Nikamwambia apumzike. "Moto siuogopi," alisema. "Lakini yale magoti!" Akageukia ukutani, nikamfunika.

Alifariki wiki hiyo hiyo. Kengele ilipigwa, mchungaji akahubiri juu ya kondoo aliyepotea, na waliokuwa wakimpita pale konani walibeba mashada. Mjane aliletwa kwenye kiti, akakaa mbele kabisa, analia peke yake.

Kaburi lilipofunikwa nilimshika bibi mkono tukarudi ndani. Alikuwa anatabasamu.

"Wengine wanatubu kwa kuogopa kufa, huwezi kujua kama ni kweli," aliniambia. "Lakini huyu wangu, tangu anazaliwa sijamsikia akisema uongo. Akisema anaamini, anaamini. Si ndiyo?"

"Ndiyo, bibi," nikasema.