Mzee Ndoo na Mkono wa Kaka Beda

Mnisamehe kwanza. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya mlimani, na herufi nyingine naziruka bila kujua. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu naishika mara chache. Naandika polepole, basi na ninyi nisomeni polepole. Mbele za watu ulimi hunikauka, ndiyo maana nimechagua karatasi.

Enzi zetu pale Mwembesongo... Najua wazee watacheka kusikia kijana wa umri wangu anasema enzi zetu. Lakini tuliozaliwa miaka ile tunajua jinsi dunia ilivyogeuka haraka. Sisi tulikimbia mchakamchaka asubuhi tukiwa na vumbi hadi kwenye kope. Tulibeba fagio la chelewa na kidumu cha maji, na ukisahau kimoja ulijua siku yako imeharibika. Tukirudi mchana, Mama alikuwa ametoka sokoni na mabaki ya mboga, na neno lake lilikuwa moja: "Sare haiendi mtaani." Tulivua sare, tukameza ugali na mchicha bila kutafuna vizuri, tukatoka mbio. Wengine walikwenda kombolela, wengine kusukuma tairi. Mimi na kaka yangu, Beda, tulikwenda bandani kwa Anko Sanja.

Anko Sanja alikuwa Mnyamwezi aliyehamia Morogoro akiwa na kompyuta moja ya chogo, zile za zamani zenye kisogo kikubwa nyuma ya kioo. Aliiweka kwenye chumba cha mabati, mbele yake mkewe akikaanga mihogo. Hadi leo nikisikia harufu ya muhogo kwenye mafuta ya moto, vidole vyangu vinatafuta kitufe. Humo ndani kulikuwa na joto, jasho la watoto na harufu ya vumbi linaloungua ndani ya mashine. Anko alikuwa mtani wetu, na hakutuacha tupumue.

"Waluguru hao! Mmeshuka mlimani juzi tu. Mkiniharibia mashine mtapanda kurudi kwa magoti."

Beda alimjibu, "Na wewe umetoka Tabora umebebwa na mashine hiyo hiyo, maana miguu yako hiyo isingefika hata Dodoma."

Banda zima lilicheka. Mimi nilicheka kwa ndani, maana hata kucheka kwa sauti nilikuwa naona aibu.

Gemu tuliyoipenda tuliiita Mzee Ndoo. Mzee mwenye kofia alipanda milima amebeba ndoo ya maji kichwani, akikwepa mbuzi, mawe na ndege. Jina lake halisi lilikuwa la Kizungu na hatukulihitaji. Kila gemu tuliibatiza wenyewe: Mzee Ndoo, Treni ya Wazimu, Nyoka Mlafi. Ukitaja jina la kwenye boksi, hakuna aliyekuelewa.

Zamu moja ililipiwa na mtoto mmoja, lakini sisi tulicheza wawili. Mama alitupa hela ya zamu moja na hakutaka kusikia ugomvi. Basi Beda alikaa kulia mwa benchi, akashika vitufe vya mishale kwa mkono wake wa kulia. Mimi nilikaa kushoto, nikawekewa kitufe kimoja tu kirefu cha kurukia. Yeye aliamua Mzee anakwenda wapi. Mimi niliruka aliponiambia "ruka!" Anko Sanja alitazama, akasema, "Mzee mmoja, vichwa viwili, akili nusu." Lakini tulifika mbali kuliko wengi waliocheza peke yao, na watoto walijaa nyuma yetu wakipumulia shingo zetu.

Miaka imepita. Mama alitangulia mbele ya haki. Banda lilivunjwa, na Anko alirudi kwao. Mimi sasa naingiza nyimbo kwenye memori kadi za watu, katika duka dogo la Dada Rukia hapo hapo Mwembesongo. Kaka Beda alikwenda kuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa. Mwaka huu mkono wake wa kulia ulibanwa na tela la trekta. Madaktari walifanya walichoweza, kikabaki kidole gumba na kiganja.

Alipotoka hospitali alikwenda kwa Bibi yetu, kijijini Kinole, na huko akanyamaza. Mkono aliuficha ndani ya shati mchana kutwa. Chakula alikula baada ya wengine kumaliza. Misa aliacha, na Bibi alinieleza sababu. Padri akisema watu watakiane amani, kila mtu humgeukia jirani na kunyoosha mkono wa kulia. Wa kulia Beda hakutaka uonekane, na wa kushoto kwetu haupewi mtu. Jumapili ya mwisho aliyokwenda, mama mmoja alinyoosha mkono ukabaki hewani, na Beda akatoka katikati ya ibada. Bibi alisema, "Mume wangu, kaka yako anakufa akiwa amekaa. Mwezi wa pili huu nasikia sauti ya kuku tu humu ndani."

Nilikosa usingizi kwa maneno hayo. Kumfariji mtu kwa mdomo sijui. Nikawaza, ni kitu gani Beda aliwahi kukifanya kwa mkono mmoja tu, bila aibu, tena watu wakimshangilia? Jibu lilikuwa moja.

Wiki ya sikukuu, nikiwa dukani, niliona tangazo. Duka moja la mtandaoni linalouza gemu za zamani lilikuwa limeshusha bei zote. Bei ya siku za kawaida kwangu ni kama bei ya ng'ombe, lakini ile ya punguzo niliiweza. Shida ni kwamba nililiona siku ya mwisho, na juu ya ukurasa kulikuwa na saa inayorudi nyuma. Kila nikiitazama, imepungua.

Dada Rukia ndiye mwenye kadi ya malipo ya kwenye simu, inayoweza kulipa nje ya nchi. Nilizunguka meza yake nikishindwa kusema, mpaka akaniuliza, "Dogo, una minyoo au una shida?"

Nikamweleza. Hakucheka. Alivuta kiti, akasema, "Haya, jina la gemu?"

"Mzee Ndoo."

Akanitazama. "Jina la dukani, siyo la ubatizo wenu."

Hapo ndipo jasho liliponitoka. Nilikuwa nimecheza gemu ile utoto wangu wote na sikujua jina lake. Kompyuta ya Anko haikuwa na picha za kubonyeza. Ilibidi mtu aandike jina la gemu kwenye kioo cheusi ndipo ifunguke, na aliyepewa kazi hiyo alikuwa Beda. Wakati yeye anaandika, mimi nilikuwa nageukia nyuma nalinda benchi, maana ukizubaa mtu anakukalia nafasi.

Dada Rukia aliandika ndoo kwa Kizungu. Zikaja gemu za kuvua samaki. Akaandika mzee na mlima. Zikaja gemu za wanawake wenye mapanga. Tulianza kutazama picha moja moja, na picha zilikuwa ndogo kama kucha, nyingi zisizo na mwisho. Nje wingu jeusi lilikuwa limeifunika milima yote ya Uluguru, na sisi tunajua mvua ikianza kule juu, umeme huku chini hauna ahadi. Wateja walikuja na kadi zao. Dada Rukia aliwafukuza, "Njooni kesho, leo tuna mgonjwa."

"Mpigie kaka yako," akasema.

"Itakuwa siyo zawadi tena. Halafu haongei na mtu."

"Saa ile unaiona? Chagua."

Simu ya Bibi huning'inia kwenye msumari wa dirisha la jiko, kwa sababu hapo tu ndipo mtandao unapofika. Ukimwomba aihamishe, inakata. Nilipiga, ikaita muda mrefu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekula? Huku mafenesi yanaoza, nyie mjini mnanunua peremende."

"Bibi, muulize Beda jina la Kizungu la Mzee Ndoo. Haraka, Bibi."

Nilimsikia akipaza sauti kuelekea uani. Kisha sauti ya Beda, ya mbali, nzito kama ya mtu aliyeamshwa: "Mwambie sijui."

"Anasema hajui," Bibi akasema.

"Anajua," Dada Rukia akanong'ona. "Mtoto wa kiume hasahau gemu."

Mimi sijawahi kubishana na kaka yangu. Yeye ndiye aliyenipeleka shule siku ya kwanza, yeye ndiye aliyesema na mimi nikafuata. Lakini niliona ile saa inakimbia, nikaona na yule Beda aliyekaa anatazama ukuta. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Bibi, mwambie hivi. Mwambie anaficha jina kwa sababu anajua mimi ndiye nilikuwa nacheza. Yeye kazi yake ilikuwa kumpeleka Mzee wa watu kwenye pembe za mbuzi."

Dada Rukia aliziba mdomo kwa mtandio wake. Bibi alirudia maneno yote kwa sauti ya kuita ng'ombe, na akaongeza yake: "Na mimi nasema ni kweli, maana hata mbuzi wangu hapa unawaogopa!"

Simu ikakata. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Mvua ilikuwa imefika Kinole.

"Tununue nyingine," Dada Rukia akasema kwa upole. "Hii ya treni inafanana na mnazozisema."

"Treni hiyo ni ya mtu mmoja."

"Dogo, utakosa vyote."

Nilitikisa kichwa. Taa ilififia ikarudi. Mashine ya duka ina betri mbovu, umeme ukikatika nayo inazima. Tulikaa tukitazama saa inayorudi nyuma, na mimi nilijua nimeharibu. Nimemdhihaki mtu mwenye kidonda. Nilijiona mjinga kuliko wote wa Morogoro.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Ulitoka namba ya Bibi, na Bibi hajui kuandika ujumbe. Ulikuwa na maneno matatu ya Kizungu yaliyoshikana bila nafasi, na herufi moja imerudiwa mara nyingi, kama kidole kilichokuwa kinajifunza. Chini yake: "na wewe ndo ulikua unatuua. nilikwambia ruka we unaangalia mihogo."

Nikamwona. Amesimama dirishani, mvua inamrushia matone, simu iko msumarini, anabonyeza kwa mkono wa kushoto. Sikuweza kusoma tena. Dada Rukia alininyang'anya simu, akaandika yale maneno, na Mzee akatokea na kofia yake na ndoo yake kichwani. Duka la mtandaoni likaomba namba za siri. Zikaja kwenye simu, Dada Rukia akazikosea, zikaombwa upya. Taa ikafifia. Nilishika meza kwa mikono miwili, kana kwamba umeme unatoka kwangu.

"Imekubali," akasema. Tukapiga kelele hadi fundi baiskeli wa jirani akaja kutazama nani kafa.

Gemu iliteremka polepole kwenye kompyuta nyingine, mpakato ya zamani ya Dada Rukia yenye betri nzima. Aliniazima kwa sikukuu, akanionya: "Ikidondoka na wewe dondoka."

Nilifika Kinole kesho yake, nikamkuta Beda amekaa mkekani akichambua pilipili manga kwa mkono mmoja, mwingine shatini. Hakuniuliza habari za mjini. Niliweka kompyuta juu ya kigoda, nikavuta benchi la jikoni na kukaa upande wangu wa kushoto. Mzee Ndoo alianza kutembea mwenyewe kwenye kioo, anasubiri mtu.

Beda aliinuka, akaja kusimama nyuma yangu. Nilisikia anavyopumua. Kisha akasema, "Ondoka hapo."

Nikaanza kufunga kompyuta.

"Siyo hivyo. Hamia kulia. Mishale ni yako sasa."

"Kaka, mimi mishale sijui."

"Na mimi kuruka sijui. Hamia."

Alikaa kushoto, akaweka mkono wa kushoto kwenye kitufe kirefu. Benchi la Bibi ni fupi, nusu yangu ilikuwa hewani. Nilipoyumba, alinidaka bega ili nisianguke. Alinidaka kwa ule mkono. Ulitoka shatini wenyewe, na haukurudi. Nilihisi gumba kwenye mfupa wa bega langu, na nilikazana kutazama kioo.

Tulikufa kwenye jiwe la kwanza kabisa. Tukafa tena. "Unampeleka wapi mzee wa watu?" Beda akafoka. "Angalia mbele!" Bibi alikaa mlangoni akicheka hadi khanga ikamvuka, akisema mzee yule ana kichwa kigumu kama babu yetu.

Misa bado hajarudi. Nisiwadanganye. Lakini sasa anakula pamoja na Bibi, na jioni ananipigia kuniuliza nakuja lini. Na mimi, niliyezoea kusubiri kuambiwa ruka, ndiye ninayechagua njia. Naogopa kila mara. Simwambii.

Watoto wa siku hizi wanaokuja dukani kwetu wana gemu nyingi kuliko nyota, kila mmoja ameinamia simu yake, amejiziba masikio. Wanacheza na mtu wa nchi ya mbali, na wa kwenye kiti cha jirani hawamjui jina. Siwalaumu, gemu zao ni nzuri, hata mbuzi wao wana manyoya. Ila huwa nawatazama nikajiuliza: siku mmoja wao akiumia, nani atajua alikuwa anakaa upande gani?

Basi ninyi mliokua mabandani kama mimi, niandikieni. Niambieni gemu zenu mlizibatiza majina gani, na nani alikaa pembeni yenu. Na kama kuna aliyewahi kumvusha Mzee Ndoo kwenye daraja lililokatika, tafadhali anieleze mishale inakwenda vipi pale. Tumekwama. Beda anasema kosa ni langu.