Kisu cha Burma na Jiwe la Kusugulia

Kisu kidogo bado ninacho. Kiko jikoni kwenye kopo la vijiko, na mpini wake umefungwa waya wa simu uliotoka Burma. Wajukuu wanajua ukikimenyea viazi ukakiacha na maji, nitakusema mpaka jioni. Mimi, wa kusema hivyo! Marehemu mume wangu angenisikia angecheka mpaka ashike mbavu.

Kilikuwa mtoto wa kisu kikubwa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la jeshi huko Burma, na alipatana sana na askari mmoja wa Kigurkha, wale wafupi wenye visu vilivyopinda. Walipoagana, yule rafiki alimwachia kisu chake na ala yake ya ngozi. Nyuma ya ala palikuwa na vijumba viwili: kimoja cha kisu kidogo, kingine cha kichuma butu cha kunolea. Kapteni wake, ili asije akaitwa mwizi, akamwandikia barua: huyu ni askari mwema, kisu hiki ni halali yake. Barua ilikaa kwenye mkebe wa chai, pamoja na cheti chetu cha ndoa.

Tuliishi Dundori, kwenye shamba la mzungu, yeye akiendesha trakta. Kabla mambo ya nchi hayajaharibika, Jumapili baada ya kanisa wanaume walikuwa wanapanda kutoka Nakuru kumletea visu vyao avitambue. Maana baada ya vita, sokoni kila mtu alikuwa na kisu cha Burma cha kuuza. Mzee wangu hakuanza kwa kutazama. Alinusa ala kwanza. Halafu alikilaza kisu juu ya kidole kimoja aone kinaegemea wapi, akatafuta pengo dogo karibu na mpini, mwisho akakigeuza kwenye mwanga kutafuta mshale mdogo wa serikali na namba.

"Kisu kisicho na alama ni kama mwanamume asiye na kipande cha serikali chenye namba yake," alikuwa akisema. "Huwezi kujua katoka wapi."

Mmoja alikuja amevimba kichwa, amenunua kisu kwa bei ya mbuzi. Mzee wangu alikinusa, akamrudishia kwa upole. "Ndugu yangu, hiki Burma hakijafika. Hiki ni springi ya lori." Tulicheka wiki nzima, Mungu atusamehe.

Na utunzaji wake sasa! Kila Jumamosi alikaa mlangoni na kitambaa cha shati kuukuu na mafuta ya mbarika kwenye kichupa. Hakushika chuma kwa vidole, eti jasho lina chumvi. Hakukilaza kisu ndani ya ala hata siku moja. Ngozi hunywa maji, alisema, na Dundori ukungu unaingia mpaka kwenye unga. Kisu kilifungwa kwenye kipande cha blanketi juu ya kabati, na ala ikaning'inia msumarini peke yake. Mimi nilikuwa namtania. Nilimwambia siku atakayonipaka mafuta mimi hivyo, nitajua nimeolewa. Kisu kidogo nilimnyang'anya mapema, kikawa changu cha viazi, naye alinung'unika lakini akaniachia.

Mwaka wa tatu wa Hali ya Hatari, serikali ilipokuwa inawasaka wapiganaji wa msituni, alitumwa Subukia na trakta, majuma matatu. Mvua ilikuwa haikatiki. Mtoto wetu wa kwanza ndiyo ameanza kusimama kwa kushika kabati, na mimi nikaona kisu kile huko juu, kimefungwa blanketi tu, kitamwangukia kichwani. Nikakishusha, nikakitia ndani ya ala, nikaining'iniza msumarini. Nikajisifu. Kila kitu kina nyumba yake, nikasema, wanaume hawajui kupanga.

Siku chache kabla hajarudi nilikichomoa nimfurahishe kwa kukipangusa. Haki ya Mungu, nilikaa chini. Kutu ilikuwa imekishika kuanzia kwenye mpini mpaka nusu yake, nyekundu na yenye vipele. Na mimi nililelewa kwa sufuria. Mama yangu alitufundisha kwamba mwanamke hujulikana kwa matako ya sufuria zake. Basi nikafanya kile ninachokijua. Nilichukua majivu, nikachukua lile jiwe jepesi la kusugulia miguu linalookotwa huko bondeni, nikasugua siku mbili mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Kisu kikang'aa ukajiona meno. Nilikuwa naimba kabisa. Nilipokigeuza kwenye mwanga kama alivyokuwa akifanya yeye, ndipo wimbo ukanikauka mdomoni. Mshale haupo. Namba haipo. Ilikuwa imefifia tangu zamani, nami nikaimaliza.

Aliporudi sikumwambia. Nilikifunga blanketi lake, nikakirudisha juu ya kabati, nikapika vizuri mno mpaka akaniuliza kuna sherehe gani. Mficha uchi hazai, najua, lakini niliogopa kuona uso wake. Nilijiambia nitasema Jumamosi, kabla hajaleta kitambaa.

Alhamisi asubuhi wakaja. Ilikuwa ni msako, na shamba zima tulitolewa nje, vitu vyetu vikamwagwa kwenye nyasi. Kulikuwa na afisa mzungu kijana, karani wa kutafsiri, na askari na lori lao. Siku hizo, kwa watu wa kabila letu, kisu cha vita ndani ya nyumba kilikuwa mwisho wako. Majirani wawili walikwisha kupelekwa kizuizini kwa makosa madogo kuliko hilo, na wake zao walikuwa bado hawajui wako kambi gani. Mume wangu hakuwa na wasiwasi. Alitoa mkebe wa chai, akampa karani barua, akasimama wima kama yuko gwaride.

Karani alisoma, afisa akafungua blanketi. Namba ilikuwa imeandikwa kwenye barua, yote. Afisa akakigeuza kisu huku na huku.

"Anauliza namba iko wapi," karani akasema.

Mume wangu akakipokea. Akakitazama jinsi kinavyong'aa. Nilimwona anaelewa, haikumchukua muda. Hakugeuka kunitazama hata kidogo.

"Nimeisugua mimi, effendi," akasema. "Kilipata kutu."

Wee! Yule afisa akawa mwekundu. Karani akatafsiri: askari wa miaka yote hiyo anajua namba haisuguliwi. Anayefuta namba ni mwizi, au anamfichia mtu. Apande lori.

Na askari wakamshika mkono. Hapo ndipo niliposahau hofu yote, na adabu pia.

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Bwana, huyo ni mwongo! Huyo mwanamume hajawahi kuosha hata kijiko! Ni mimi!" Nikampa mtoto jirani, nikaokota sufuria yangu kwenye nyasi, nikaigeuza matako juu mbele ya mzungu. "Tazama! Hivi ndivyo ninavyosugua. Na tazama vidole hivi!"

"Nyamaza, mama," mume wangu akasema kwa sauti ya chini.

"Sinyamazi! Karani, hiyo barua umeimaliza?"

Karani alikuwa hajaimaliza. Alikuwa ameishia kwenye namba. Akasoma ya chini: na ndani ya ala hiyohiyo kuna vitu viwili vidogo, kichuma cha kunolea, na kisu kidogo ambacho mpini wake ulipopasuka askari huyu aliufunga kwa waya wa simu. Afisa akaichukua ala, akaigeuza nyuma. Kichuma kilikuwepo. Kijumba cha pili kilikuwa kitupu.

Nilikimbia. Karai la viazi lilikuwa bado jikoni mahali nilipoliacha walipotufukuza nje, na kisu kilikuwa ndani, kati ya maganda. Nilimletea kikidondoka maji ya viazi. Afisa alikishika, akatazama waya, akamwambia karani amsomee tena. Kisha akakisukuma kwenye kijumba chake, nacho kikaingia mpaka mwisho, hakikucheza. Akakichomoa, akakiingiza tena. 

Akasema maneno machache kwa Kiingereza, na askari wakauachia mkono wa mume wangu. Kisu kikubwa walikwenda nacho, wakaandika kicheti ambacho hakikutusaidia kitu baadaye, maana hatukukiona tena. Kile kidogo afisa alinirudishia mwenyewe. Karani akasema, "Anasema hiki ni cha viazi."

Lori likaondoka. Tulikusanya vitu vyetu, tukakung'uta blanketi. Jua lilipoanza kushuka nilimwekea chakula, kisha nikashindwa kuvumilia.

"Kwa nini ulisema ni wewe? Si ungesema tu ni mimi mjinga, wasikie wote? Wangekupeleka!"

Alikuwa anakipangusa kisu kidogo kwa kitambaa chake, ingawa haikuwa Jumamosi.

"Mimi nina kipande," akasema. "Wakinichukua, namba yangu iko kwenye vitabu vyao. Ungeuliza kambi hadi kambi, mwisho ungenipata. Wewe mwanamke, hawajakuandika popote. Wangekuchukua wewe, ningekwenda kukudai kwa namba gani?"

Nilimpenda saa ile kuliko siku ya harusi yetu. Nilitaka kumwambia, lakini nikamsogezea sahani nikamwambia ale, viazi vinapoa.