Mama Aliyejua Chumvi Iko Wapi

Nilipofanywa meneja wa supamaketi moja kule Ruiru, baba yangu aliwaambia majirani wetu wa mtaa wa Landless, Thika, kwamba sasa kijana wake ana ofisi. Ofisi nilikuwa nayo kweli. Ilikuwa chumba kidogo kati ya choo cha wafanyakazi na stoo ya maboksi, na sikukaa humo zaidi ya dakika ishirini kwa siku. Muda uliobaki nilikuwa nikisukuma toroli, nikimtafutia mtoto aliyepotea mamake, au nikipiga magoti kupanguza maziwa ya mala yaliyomwagika. Siku baba alipokuja kunitembelea alinikuta hivyo hivyo, magotini, tai nimeitupa begani. Alinunua sabuni ya kipande, akarudi Thika.

Baadaye makao makuu walituletea mchoro wa namna mpya ya kupanga bidhaa. Mameneja wengine waliufuata polepole, rafu moja moja. Mimi nilitaka kusifiwa. Nikafunga duka Jumapili nzima, nikaita wafanyakazi wote, tukahamisha kila kitu hadi duka likafanana kabisa na ile karatasi. Nilipiga picha kutoka pande zote nne.

Jumatatu wateja waliingia, wakasimama. Watu waliozoea kuchukua mkate bila hata kuangalia walijikuta mbele ya ndoo na mifagio. Nilisimama katikati nikielekeza kwa mikono miwili kama askari wa barabarani, na kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimemtuma mama aliyetaka nepi kwenye chakula cha mbwa. Alirudi akaniuliza, kwa upole, kama nimewahi kumwona mtoto wake.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba upande wa pili wa duka kulikuwa kumetulia. Mama aliyekuwa akipiga deki, mtu wa umri wa mamangu ambaye tangu nifike tulikuwa tukisalimiana tu, alikuwa amesimama na ndoo yake huku watu wamemzunguka. Hakuinua sauti. Shosho mmoja mkongwe aliuliza chumvi, akaambiwa ni mstari wa nne, chini kabisa, baada ya viberiti. Mwingine alitaka waya ya kusugulia sufuria, naye akaonyeshwa. Nilingoja watu wapungue, nikamwuliza amewezaje kulikariri duka zima kwa siku moja, ilhali mimi niliyelipanga napotea.

"Meneja," akasema, "wewe ulikuwa unaangalia karatasi. Mimi ndiye nilikuwa napanguza hizo rafu."

Nikampa kazi ya kuwahudumia wateja, yenye mshahara mzuri zaidi. Akakataa. Mara ya kwanza alisema magoti yanamsumbua, mara ya pili akasema amezoea deki. Nilipomlazimisha achukue fomu aende nayo nyumbani, alinirudishia baada ya siku tatu ikiwa imekunjwa mara nne, bila hata herufi moja. Ndipo akaniambia, akiwa anautazama mlango, kwamba aliacha shule darasa la pili. Bidhaa alizijua kwa rangi, kwa picha na kwa mahali zilipokaa.

Tulijaza fomu pamoja, yeye akisema, mimi nikiandika. Kisha tukakubaliana kwamba kila siku wakati wa chakula cha mchana atakuja ofisini tusome. Vitabu vyetu vilikuwa pakiti. Chumvi ilituchukua siku mbili, unga wa chapati wiki nzima. Nilifundisha kwa mbwembwe, nimesimama, nikizungusha kalamu na kutoa hotuba kuhusu irabu. Yeye alikula githeri yake polepole akiningoja nimalize, halafu akauliza swali moja ambalo lingetosha tangu mwanzo.

Miezi kadhaa baadaye nilimkuta mbele ya tangazo nililolibandika mwenyewe karibu na mikate. Alikuwa akilisoma kwa sauti, kidole kikifuata kila silabi. "Ta-fa-dha-li u-si-gu-se m-ka-te kwa mi-ko-no." Nilitaka kupiga makofi. Lakini hakuwa amemaliza.

"Sasa waguse na nini?" akaniuliza.

Nililibandua siku hiyo hiyo.

Kutoka hapo alipanda. Alipewa rafu za vyakula, kisha akawekwa mlango wa nyuma kupokea bidhaa. Madereva walimwogopa. Alisoma tarehe ya kila katoni bila haraka, na dereva mmoja wa biskuti alinijia akilalamika kwamba amesimamishwa tangu asubuhi na mtu anayesoma kama mtoto. Nilikwenda kuangalia. Katoni sita zilikuwa zimepitwa na tarehe, na zilikuwa zimefichwa chini ya zile nzuri. Nilimwambia dereva kwamba mwalimu wa huyu mama ni mimi. Hakuniuliza, lakini nilimwambia.

Tawi jipya lilipofunguliwa Thika, karibu na Eneo la Viwanda, niliombwa nipendekeze msimamizi wa vyakula. Niliandika jina lake huku nikitumaini kisirisiri kwamba watakataa, nisimpoteze. Walikubali. Mwaka huo mimi nami nilipewa zawadi ya meneja bora: saa ya ukutani iliyotoka kwenye rafu zetu wenyewe, na nyuma yake kibandiko cha bei hakijabanduliwa. Mke wangu aliitundika jikoni.

Siku hizi Jumamosi tunanunua vitu vyetu katika tawi lile. Mara ya kwanza nilitembea humo kama mkaguzi, nikanyoosha pakiti moja ya majani chai iliyokaa upande. Alikuja akairudisha ilivyokuwa, akanieleza kwamba wameiweka hivyo ili maandishi yaonekane na mtu anayesukuma toroli. Kisha akawaita wasichana wawili wanaojifunza kazi, akawaambia huyu ndiye aliyenifundisha kusoma. Nikatazama dari kidogo.

Mke wangu akamwuliza nilikuwa meneja wa namna gani.

Alifikiri sana, zaidi ya nilivyotarajia. "Ni mtu wa kusikiliza," akasema mwishowe. "Akishamaliza kuongea."

Mke wangu alicheka hadi akashika toroli. Kisha wawili hao wakaondoka pamoja kwenda kuchagua mchele, nami nikabaki pale nikilinda mkoba wa mke wangu.