Bangili Ndani ya Ng'ombe wa Udongo

Nilipokuwa mtoto dunia yangu iliishia kwenye ua wa michongoma, mtaani Amalemba, mjini Kakamega. Mbele palikuwa na geti la mabati lenye kufuli, na ufunguo wake mama aliufunga kwenye pindo la leso yake. Watoto wa majirani walikwenda shule wakarudi na vumbi miguuni. Mimi shule yangu ilikuwa meza ya jikoni na mwalimu wangu alikuwa mama, na mambo yalikuwa hivyo hadi nilipotimiza miaka tisa.

Sitaki mama aonekane mtu mbaya. Kabla yangu alizaa watoto watatu, na wote walikufa kabla ya kujua kutembea. Nilipozaliwa mimi, Kukhu, yaani bibi yangu mzaa baba, alitoka kwake Matungu akaja kunilaza kwenye jaa la majivu nyuma ya migomba, akaniacha hapo nikilia. Jirani aliyekuwa ameambiwa apite njia hiyo aliniokota, akanileta kwa mama kana kwamba ni mtoto wa watu wengine. Ndivyo wazee wetu walivyoidanganya mauti: mtoto aliyetupwa na mamake hana thamani, basi wa nini kumchukua? Nikaitwa Makokha, jina la jaani. Kisha Kukhu akanivalisha bangili ya chuma mkono wa kushoto, kubwa mno hata akaizungushia uzi isianguke. Alionya kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kuitoa ila yeye mwenyewe. Akiitoa mtu mwingine, mtoto ataugua.

Mama alikuwa mwalimu wa chekechea kabla sijazaliwa. Aliacha kazi ili anilinde, na ualimu wake wote akaumimina juu yangu. Asubuhi tulisoma na kufanya hesabu kwa punje za mahindi. Baada ya hapo ilikuwa kazi za mikono mpaka jua linazama. Tulibandika maharagwe na mtama kwenye makaratasi magumu tukapata picha za kuku na jogoo. Tulisuka mikeka midogo ya matete, tukatengeneza wanasesere wa magunzi, tukasokota kamba za katani, tukapaka rangi za majani na mkaa. Lakini nilichokipenda zaidi ni udongo wa mfinyanzi, ambao mama aliuleta kutoka bondeni ndani ya ndoo. Sasa naelewa kwa nini kazi hizo zilikuwa nyingi kiasi hicho. Mtoto mwenye shughuli mikononi haulizi mambo ya geti.

Mimi niliuliza, hata hivyo. Kila muhula ulipoanza niliuliza nitaanza lini shule, na mama akasema mwakani. Mwakani ikafika mara tatu. Baba alifanya kazi kiwanda cha sukari na kurudi nyumbani Jumamosi, na alipojaribu kusema neno juu ya jambo hilo mama aliinuka akatoka chumbani. Nakumbuka nilivyokuwa nikilala chali sakafuni nikisikiliza kengele ya shule ya jirani, nikiwaza kwamba nitazeeka humu humu nikibandika maharagwe.

Ajabu ni kwamba kazi zangu zilitoka nje ya ua. Palikuwa na msichana aitwaye Metrine aliyepita karibu na ua wetu kila siku, na siku moja aliona kikapu changu kupitia tundu la michongoma. Shuleni kwao walitakiwa kupeleka kazi za mikono na yeye mikono yake ilikuwa mizito kama miti. Nikampa. Akapata alama nzuri, akaja kuomba kingine, kisha akawaleta wenzake. Kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa nimefaulu mara nyingi katika shule ambayo sijawahi kuikanyaga. Walinilipa kwa habari: mwalimu gani mkali, nani amekojoa darasani, wimbo gani wa gwaride. Nilikuwa nikizimeza habari hizo kama mwenye njaa.

Kisha Metrine akaja amenuna. Alikuwa amepeleka chungu changu, na mwalimu alipokishika akaona ndani yake mstari unaozunguka, kama mtu amekikwaruza kwa waya. Ilikuwa bangili yangu, ambayo siku hizo ilikuwa imenibana mkono na kugusa kila nilichofinyanga. Mwalimu akamwuliza Metrine yeye huvaa nini mkononi, na Metrine hakuwa na kitu. Akaniambia, "Ukitaka nikuletee story tena, tengeneza ingine haina hiyo alama." Alikuwa akinitisha, naye alijua pa kunishikia. Bila zile habari nisingekuwa na kitu chochote cha nje.

Kesho yake mama alipokwenda kuchota maji bombani, nilipaka mkono sabuni nikaivuta bangili. Ilitoka na ngozi kidogo. Mkono ulibaki mwembamba na mweupe pale ilipokuwa, nikauangalia kama mkono wa mtu mwingine. Nilifinyanga chungu laini kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Kabla sijamaliza kusawazisha mdomo wake nikasikia kufuli likifunguliwa. Mbele yangu palikuwa na ng'ombe wa udongo, bado wabichi, kundi zima nililokuwa nikilitengeneza wiki hiyo. Nikaishindilia bangili kwenye tumbo la mmoja wao, nikampapasa hadi tundu likaziba, kisha nikavuta mkono wa sweta. Mama alikuja akawasifu ng'ombe wangu, akawapanga mwenyewe juu ya kabati wakauke. Alipomaliza kuwapanga, sikujua tena ni yupi.

Siku ya pili yake niliamka na homa.

Leo nikiwa mtu mzima najua kwamba ulikuwa msimu wa mvua, na msimu wa mvua Kakamega nusu ya mtaa hulala na malaria. Nimejieleza hivyo mara nyingi. Lakini nilipokuwa nimelala pale natetemeka sikuwaza mbu hata kidogo. Niliwaza onyo la Kukhu, nikajua kwamba nimejiua mwenyewe kwa ajili ya chungu.

Mama alinivua sweta ili anipanguse kwa kitambaa cha maji. Hapo akauona mkono mtupu. Aliuliza bangili iko wapi, nikamwambia imo ndani ya ng'ombe. Akauliza ng'ombe gani, nikasema sijui.

Aliwatwaa mmoja mmoja akawavunjia sakafuni. Ng'ombe wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila mmoja alikuwa udongo mtupu. Nadhani hakuniamini tena, kwa sababu alipofika katikati ya kundi aliacha ng'ombe akaanza vyungu, kisha akachana wanasesere, akafumua vikapu. Kazi ya miaka mitatu aliyonifundisha yeye mwenyewe aliibomoa mbele ya macho yangu, akirudia kusema yuko wapi, yuko wapi, kama vile anamtafuta mtu. Bangili ilikuwa ndani ya ng'ombe aliyebaki nyuma kabisa. Mama aliinyakua akaja kunivalisha. Haikupita. Akapaka sabuni, akapaka mafuta, akasukuma hadi nikalia, na bado haikupita. Hapo ndipo mama alipokaa chini katikati ya vipande na yeye akalia.

Bahati ilikuwa siku ya Jumamosi. Baba alipoingia hakuuliza mengi, alinibeba akanipeleka hospitali nikadungwa sindano, tukarudi nyumbani, na Jumapili alfajiri akaenda Matungu. Kabla ya chakula cha mchana Kukhu alikuwa amekaa kando ya kitanda changu. Aliigeuzageuza bangili mkononi, akakitazama kiganja changu, kisha akamtazama mama.

"Mwana wangu," alisema, "huyu mtoto alianza kung'oka meno lini?"

Mama alishika pindo la leso yake, pale penye ufunguo.

"Nilikuambia nini siku ile? Nilisema meno ikianza kung'oka, uniite nitoe hii chuma, aende kwa wenzake. Nimekuwanga nikingoja. Kila mwaka nauliza, unasema bado."

Hapo ndipo nilipojua. Bangili ilikuwa na mwisho wake, na mwisho huo ulikuwa umepita zamani. Mama alijua, na alikaa nao moyoni bila kumwambia baba wala mimi.

"Wale watatu niliwatoa kwa mlango huo, Mama," alisema mama kwa sauti ndogo. "Niliwafunga kwa shuka, nikawatoa mwenyewe. Huyu nilitaka tu akae."

Kukhu hakumgombeza. Alimvuta akamshika kichwa juu ya mapaja yake, mtu mzima yule, akawa anampapasa. Alimwambia kwamba chuma inamlinda mtoto akiwa mdogo, lakini ikikaa sana inaanza kumshika yenyewe. Nilipopata nguvu, Kukhu alinipeleka nyuma ya migomba, akaniambia niitupe bangili mwenyewe kwenye majivu na niondoke. Nikafanya hivyo.

Muhula ulipoanza, mama alinipeleka shule. Waliniweka na watoto wa miaka sita, na magoti yangu hayakuenea chini ya dawati, lakini sikujali. Pale getini mama alinishika mkono muda mrefu. Alipouachia nilikimbia, na sikugeuka kumwangalia.

Kwa miaka mingi nilikuwa na hasira naye kwa siku zile zote alizonifungia. Hasira hiyo haijaisha kabisa, nikisema kweli, na sioni aibu kuisema. Lakini sasa nina binti wangu, na nimejua kuogopa. Ninachokumbuka zaidi si homa wala ng'ombe waliovunjwa. Ni jioni ya siku ile ya kwanza, nilipofika nyumbani na vumbi miguuni, na mama akaniuliza kama nilimkumbuka huko shuleni. Nikamwambia hapana, kwa furaha, huku nikivua viatu. Alisema ni vizuri, akanipakulia chakula. Aliketi kunitazama nikila, na yeye hakugusa chake.