Mgahawa Nilioufunga kwa Kalamu

Vitabu vya kuongoza wasafiri havina mengi ya kusema juu ya Tabora. Kurasa mbili, tatu ukibahatika: treni inafika lini, pa kulala, pa kula, na namna ya kufika Kwihara kuliona tembe, ile nyumba ya kale ya enzi za misafara. Nimevisoma vingi, kwa kuwa wageni huviacha gesti, na mimi, mwalimu wa Kiingereza, ndiye huletewa. Wengine huchagua kitabu kwa picha, wengine kwa ramani. Mimi hufungua nyuma kabisa, penye orodha ya watu wanaoshukuriwa, na kila nikiiona orodha hiyo naona aibu, kwa sababu katika kitabu kimoja nimo.

Mwanamke mmoja kutoka Ulaya, mtunzi wa kitabu cha namna hiyo, alielekezwa kwangu na rafiki yangu, akaniandikia barua pepe. Toleo jipya lilikuwa njiani, naye hakuweza kuja. Je, ningemkagulia kurasa za Tabora? Jina langu lingetajwa mwishoni. Nilikubali kabla sijamaliza kusoma. Akanitumia orodha ya migahawa sita, fomu ya kujaza, na maagizo: ingia, kaa, agiza, kula umalize, kisha omba kuona jiko. Ukikuta pamefungwa, uliza majirani, na urudi siku nyingine. Niliyacheka maagizo yale. Mimi nimezaliwa Kitete, nimekulia hapa hapa. Wa kunifundisha namna ya kula Tabora hajazaliwa.

Migahawa miwili niliyoipenda niliikagua kupita kiasi. Nilirudi mara ya pili na ya tatu, nyama ikiwa nzuri kila mara. Mingine miwili niliipigia simu, na wa tano niliandika ya kusikia. Wa sita ulikuwa wa mama mmoja karibu na stesheni. Tulisali kanisa moja, tukisalimiana kila Jumapili, lakini sikuwahi kula kwake. Pale walikula makuli na abiria wa treni ya Kigoma, kwenye mabenchi, meza hazina vitambaa. Nilijiona mkubwa, sina neno jingine la kulisema hilo.

Ilikuwa Oktoba, na jua la Tabora la Oktoba halina mswalie Mtume. Nilipita na bodaboda. Mlango ulikuwa umefungwa, mabenchi hayapo nje, na mlangoni palikuwa na maandishi ya chaki. Niliyaona vizuri tu, ila kuyasoma kulitaka nishuke nivuke barabara. Mimi, ambaye kila siku ya Mungu nawaambia wanafunzi wasome swali mpaka mwisho, nilimgusa dereva begani nikamwambia twende. Nilipofika nyumbani nikaandika kwenye fomu neno moja: umefungwa.

Kitabu kilipokuja nilikifungua nyuma, nikaliona jina langu, nikakipeleka ofisini kwa walimu kikazunguka meza zote. Kurasa za Tabora zenyewe nilizipitia juujuu.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, yule mama alikuwa akinisubiri nje ya kanisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Nasikia kitabu kipya kimefika, na wewe umo. Nataka uje unisomee, mimi wameniandikaje safari hii."

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, kama alikuwa ameufungua tena mgahawa wake.

"Kwani niliufunga lini?" akasema. "Labda unasema ile Oktoba nilipofiwa na mama yangu, Ulyankulu. Tulikaa huko mpaka arobaini. Niliandika mlangoni kwa chaki kwamba tumefiwa na tutarudi, watu wasije wakadhani nimehama."

Nikampa pole. Hapo ndipo mwanamume mwenye akili angesema ukweli, palepale, kabla hatujatoka uani mwa kanisa. Mimi nilikwenda nyumbani kuchukua kitabu.

Nilipofika kwake alikuwa ameshafuta meza. Alitoa toleo la zamani, ambalo mgeni mmoja alimwachia, akalifungua kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Penye ukurasa wake palikuwa na jani kavu la Jumapili ya Matawi. Akanisimulia jinsi mtunzi alivyokuja miaka ile. Alikula maharage ya mawese na ndizi, chakula cha kwao yule mama, maana wazazi wake walitoka Burundi. Alikula akamaliza, ndipo akaomba kuona jiko. Tangu siku ile wageni wanaotoka Kwihara na njaa zao walikuja kwake wameshika kitabu, wakiweka kidole kwenye mstari, naye akipakua. Hawakuwa wengi, lakini yule mama alikuwa amewachongeshea meza yao ya peke yao, pale penye kivuli. Siku hiyo niliyokwenda ilikuwa imewekewa masufuria.

"Wamepungua," akasema. "Nafikiri wanasubiri kitabu kipya."

Nikafungua. Jina la mgahawa, nukta mbili, umefungwa. Yeye amesimama nyuma ya bega langu, na kidole chake kimeshafika kwenye jina lake, maana mgahawa unaitwa kwa jina lake, na hilo analijua kwa herufi yoyote.

Nikasoma. Nilisoma maneno ya toleo la zamani, lililokuwa wazi pembeni, nikiyageuza kwa Kiswahili: chakula cha nyumbani, mapokezi mazuri, maharage ya mawese ambayo msafiri hatayasahau. Halafu nikaongeza ya kwangu. Nilisema kwamba mji huu umelisha wapita njia tangu enzi za misafara na kwamba mama huyu anaiendeleza kazi hiyo. Yalikuwa maneno mazuri, na ningeweza kuyaandika kwenye fomu bila kuongopa, kama ningekula kwake.

Akasema asante. Akaniomba nimwachie kitabu awe anawaonyesha wageni. Ningesemaje? Nikamwachia.

Kwa hiyo ikawa hivi: mama yule aliweka mezani pa wageni, akakihamishia na lile jani, kitabu kinachosema kwamba mgahawa wake umefungwa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu sana, ilizunguka nyuma ya soko ili nisipite stesheni, na Jumapili ilinitoa kitandani kuwahi misa ya kwanza ili nisikutane naye ya pili. Nilimwandikia mtunzi. Hata huko sikusema kosa ni langu. Niliandika kwamba mgahawa umefunguliwa tena. Alinishukuru kwa umakini wangu, akasema itarekebishwa toleo lijalo, baada ya miaka kadhaa.

Jumamosi moja mchana nilisahau kuzunguka. Niliitwa kutoka mlangoni kwake.

"Mwalimu, njoo unisaidie. Wageni wangu wanasema kitu."

Walikuwa wawili, kijana na mkewe, na vumbi la Kwihara miguuni. Walikuwa wamemaliza kula. Kitabu kilikuwa wazi mbele yao na walikuwa wanacheka, si kwa ubaya. Wakaniambia kwa Kiingereza: mwulize kwa nini kitabu kinasema amefunga, na sisi tumekula hapa chakula kizuri kuliko chote cha safari.

Mama alinitazama.

"Wanasema wamefurahia chakula," nikasema.

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Wakaaga wakaenda. Nami nikataka kuaga, lakini alikuwa ameshaweka sahani mbele yangu, maharage mekundu kwa mawese, ndizi zimelala pembeni. Akavuta benchi akaketi upande wa pili.

"Mwalimu, wale wamecheka kidole kikiwa kwenye jina langu."

Nikaisogeza sahani kidogo.

"Kiingereza sikijui, lakini kuhesabu najua. Kitabu cha zamani, maneno yangu ni mistari saba. Nimeitazama miaka yote hiyo. Hiki kipya ni mstari mmoja, na nusu yake ni jina. Wewe siku ile ulinisomea muda mrefu kuliko ile saba."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua ulipofika kwenye misafara."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilikuwa nakusubiri. Nilisema mwalimu ni mtu mwenye aibu, atakuja mwenyewe. Ukahamia misa ya kwanza." Akakigeuza kitabu kinielekee. "Sasa nisomee. Kilichoandikwa tu."

Nikasoma jina la mgahawa wake. Nikasoma lile neno moja. Kwa Kiswahili lilitoka zito, maana hakuna namna ya kulipamba.

"Nani aliandika?"

"Mimi."

"Ulikuja ukakuta nimefunga?"

"Nilipita. Sikushuka kwenye pikipiki."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu. Nilitamani anitukane. Wanafunzi wangu nimewapa adhabu kwa makosa madogo kuliko hilo, nikawasema mbele ya wenzao, na nyumbani nikalala vizuri. Yeye hakupandisha sauti. Alikitazama kitabu, akalitoa lile jani la Matawi kwenye ukurasa, akalirudisha kwenye toleo la zamani, akalifunga kwenye mfuko wake wa plastiki. Kile chenye jina langu akanisogezea.

"Hiki chukua," akasema.

Nikanyanyuka.

"Keti. Kula umalize. Ukimaliza nitakuonyesha jiko."

Nikaketi. Nilikula polepole, macho kwenye sahani, nikijua kwamba ananitazama, na chakula kilikuwa kitamu. Nilipomaliza nikanawa mikono, naye akatangulia jikoni.