Niliambiwa nibebe maktaba, nikabeba vitabu

Admin, jina langu usiweke. Huku Hanang wananijua.

Mimi ni mwanaume, miaka 68. Niliishia darasa la nne. Mke wangu amefariki, huu mwaka wa nne. Naishi peke yangu upande wa Gitting. Siku nyingine naongea na ng'ombe tu mpaka giza linaingia.

Zamani nilikuwa kibarua kwenye shamba moja la ngano la serikali. Kupakia na kushusha. Mke wangu alikuwa karani ofisini, alinizidi shule. Kompyuta aliijua yeye peke yake. Kulikuwa na programu ya vipuri vya matrekta na kombaini. Mtaalamu aliyeitengeneza alisharudi kwao.

Ofisi ikahamishiwa shamba lingine, kwenye kompyuta mpya. Ile ya zamani haikutunza kitu ndani, kila kitu kilikuwa kwenye disketi. Mke wangu akatangulia na gari la meneja, disketi ya programu kaishika mkononi. Mimi nikabaki kupakia trela. Akaniambia, "Baba Sabina, kwenye kabati kuna maktaba ya programu. Usiiache. Programu bila maktaba yake haifanyi kazi."

Nikasema sawa. Nikafungua kabati. Kuna vitabu vinene vya Kizungu. Chini kuna kopo la biskuti lina disketi. Mimi maktaba najua ni vitabu, shuleni ilikuwa hivyo. Nikavifunga vyote kwa kamba. Kopo nikaona takataka, si disketi ameshachukua? Tuliambiwa kinachobaki kichomwe. Nikachoma mwenyewe.

Kule mke wangu akaweka disketi. Programu ikawaka, ikaandika maneno mawili, ikazima. Akarudia. Ikazima. Akasema, "Programu ipo, lakini inaita vitu vyake haivipati. Maktaba iko wapi?"

Nikashusha vitabu. Fundi umeme akacheka mpaka akakaa chini. "Shemeji kaleta maktaba ya mkoa! Tuazime na sisi tusome!"

Ndiyo nikaambiwa maktaba ni zile disketi za kwenye kopo. Zina vipande ambavyo programu inavichukua kila ikifanya kazi. Na programu yenyewe ilishafungwa, huwezi kuifungua ukaongeza kitu. Ikawa imekufa.

Meneja akaniuliza mbele ya watu, "Mkeo alikuambia ubebe hiyo maktaba?"

Walikuwa bado wanacheka. Nikasema, "Hapana mzee. Hakuniambia kitu."

Mke wangu akaniangalia. Hakubisha. Kibarua akikosea alikuwa anafukuzwa hapo hapo, nadhani alijua. Wiki ile ile akatolewa ofisini, akapelekwa kushona magunia. Nyumbani akanipakulia chakula kama kawaida. Nikangoja anitukane. Hakunitukana. Mpaka anakufa hakulitaja. Bora angenitukana.

Sasa Sabina. Ndiye mtoto wetu pekee, ameolewa kijiji cha Daudi. Ndiye mtu pekee anayekuja kuniona. Akifika anasema shikamoo baba, nyumba inakuwa nyumba. Mwezi ujao tuna misa ya kumkumbuka mama yake. Juzi ameniambia, "Baba, siku hiyo utasema neno. Mama alikuwa mzuri, ila kazi ya ofisi aliichezea mwenyewe. Angekuwa makini tungeishi vingine."

Nikachochea moto.

Nikisema ukweli, Sabina anaweza asikanyage tena hapa. Sina mtu mwingine. Nisiposema, mama yake anaitwa mzembe na mtoto aliyemzaa, na mimi nimekaa hapo nasikia.

Nyie mliozika wake zenu na waume zenu, nisaidieni. Nimwite Sabina pembeni kabla ya misa, au nisimame niseme mbele ya watu, kama nilivyomsingizia mbele ya watu? Niambieni lolote. Ila msiniambie ninyamaze. Hilo nimeshalifanya.