Mkanda wa Ndani ya Jezi

Jezi zilikuwa zinatufikia na damu. Wenyewe walikuwa wanazifua, sikatai, ila damu ya mtu haitoki kwa sabuni ya haraka, na mimi ndiye nilikuwa nazigeuza ndani nje kutafuta zilipochanika. Hiyo ni 2017, Hillbrow, Joburg, kwenye duka la kushona la mjomba wangu, ambaye sisi watu wa Bukavu tunamwita Tonton. Sekondari nilikuwa nimemaliza. Nilikaa kwenye cherehani ya katikati nikisubiri maisha yaanze, na yalikuwa yananichelewesha.

Aliyezileta ni mkurugenzi wa klabu ya hoki ya barafu. Siku ya kwanza nilidhani ni dereva. Mzungu wa hapahapa Joburg, miaka hamsini na kitu, pua imelala upande, vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Ujana wake aliumalizia Kanada, miaka kumi na moja, analipwa kupigana. Nilimwambia hapo ananidanganya.

“Nikudanganye kwa nini? Kila timu ilikuwa na mtu wake wa ngumi,” alisema. “Ukimgusa mfungaji wetu, mimi nakuja kwako. Magoli nimefunga manne maisha yangu yote.”

“Na meno?”

“Yangu au ya wenzangu?”

Aliporudi nyumbani alianzisha klabu, akagundua haraka kwamba watu wa Joburg hoki hawaijui ila ngumi wanaijua vizuri sana. Akatafuta mtu wa kufanya ile kazi yake ya zamani. Akapata jitu moja linalokata nyama buchani, shingo kama mguu wangu. Tangu hapo viti vikaanza kujaa.

Huyo mpiganaji alikuja dukani kupimwa koti. Mkurugenzi alikuwa amemwahidi kwamba msimu ukiisha anaacha ngumi, anaingia ofisini kuwa msaidizi wake. Mechi mbili zilikuwa zimebaki.

“Litakuwa tayari lini, sister?”

“Ijumaa ya wiki ijayo.”

Nikapima bega, nikapima mkono, nikaandika.

“Litakuwa tayari lini?”

Nilicheka, nikijua ananitania. Hakuwa anatania. Aliniangalia kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Halafu akasema taratibu kwamba daktari amemkataza, kichwa chake kimeshapigwa vya kutosha, pigo moja zito tena atakuwa mtu wa kulishwa kijiko.

“Sasa unachezea nini?”

“Mechi mbili tu. Halafu nakaa kwenye kiti kama binadamu.”

Wiki hiyohiyo Mkurugenzi alileta jezi ya mpiganaji. Ndani, mgongoni, kuna mkanda unaofungwa kwenye suruali ili jezi isivuliwe wakati wa ugomvi. Refa anaukagua, usipokuwepo unatolewa. Ule wa zamani ulikuwa umekatika.

“Ushone kwa nyuzi tatu tu, hafifu,” aliniambia. “Uonekane upo, lakini ukivutwa ukatike. Sababu yake ni kwamba yule mwenzake akimshika...”

“Sharp, sharp,” nilimkata, yaani nimeelewa, inatosha. Nilikuwa na magauni sita ya harusi ya Jumamosi. Simu yake ikaita, akatoka.

Nilibaki na ile jezi mkononi nimekasirika. Nyuzi tatu! Mwezi uliopita mwanamke mmoja aliturudishia sketi iliyokatika zipu, akasimama mlangoni akapiga kelele mtaa mzima usikie kwamba hawa makwerekwere, yaani sisi wageni, wanashona takataka, warudi kwao. Tonton aliomba msamaha mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Nikaapa siku ile kwamba kitu kilichopita kwenye mkono wangu hakitakatika tena. Nikaweka kipande cha turubai chini ya mkanda, nikapiga uzi wa viatu, nikaurudia mshono mara nne. Nikauvuta kwa mguu. Haukutikisika. Nilijipongeza kabisa.

Jumamosi mchana nilikwenda kwenye mechi, tiketi alinipa mpiganaji mwenyewe. Baridi ya mle ndani inakupanda kuanzia kwenye soli. Kipindi cha kwanza niliona watu wanagongana kwenye vioo mpaka vioo vinalia, mmoja akapigwa gongo la mdomo akatema mate mekundu, akaendelea kuteleza. Watu walikuwa wanakula chipsi. Mimi pia nilikula.

Kipindi cha pili, beki wa wageni alimkanyagia chini mfungaji wetu. Uwanja ukaanza kuita, hata watoto wadogo, “Ngumi! Ngumi!” Mpiganaji akateleza hadi kwa yule beki, wote wawili wakatupa glavu chini. Hiyo ni adabu yao, hupigani na glavu. Wakazungukana. Ngumi ya kwanza ilikuwa ya kwetu, nilisikia mfupa, na nilisimama nikashangilia, siwezi kusema uongo.

Halafu beki akamshika jezi mgongoni, akaivuta juu, na nguo ile pana ikapanda mpaka mkanda ukakaza. Ikamfunika kichwa chote mpaka mikono ikabanwa masikioni. Hapo ndipo mkanda ulitakiwa ukatike, jezi imtoke, abaki huru na beki abaki na nguo tupu mkononi. Haukukatika. Kofia ilishadondoka. Yule beki alimshikilia kama mtu aliyeshika kuku kwenye mfuko, akampiga. Nilihesabu saba, nikaacha. Weupe wa jezi ukageuka wekundu pale mdomo ulipokuwa. Mkurugenzi alikuwa anagonga kioo kwa ngumi zote mbili, “Ukatike! Ukatike!”, na mimi peke yangu kwenye uwanja ule nilijua hautakatika.

Mpiganaji alianguka kama gunia. Kisogo kiligonga barafu. Watu wakapiga makofi, halafu wakaacha. Wahudumu wakambeba nje, wakakwangua damu kwa koleo, mechi ikaendelea.

Jumatatu Mkurugenzi aliingia dukani bila salamu, akatupa ile jezi mezani.

“Nani kashona hii?”

“Mimi,” alisema Tonton, kabla sijafungua mdomo.

Alimrukia. Alimshika kola akamvuta juu ya meza, mkasi ukaanguka, pini zikamwagika, miguu ya Tonton inapiga hewa. Mzee wa miaka sitini na mbili! Nilinyakua pasi ya moto.

“Mwachie! Mwachie nikuchome hiyo sura! Nimeshona mimi!”

“Mama, weka chini,” Tonton alikoroma. Ndivyo anavyoniita, mama. Sikuweka.

Mkurugenzi alimwachia. “Nilikwambia nyuzi tatu.”

“Hukuniambia kwa nini!”

“Nilianza kukuambia, ukasema sharp, sharp.”

Hapo nikaweka pasi chini.

Akatuambia mpiganaji yuko hai, hospitalini, jicho moja limefunga, taya lina waya. Anaongea. Na anachoongea ni kwamba Jumamosi atacheza ile mechi ya mwisho, maana bila hiyo kazi ya ofisini haipo.

“Basi mpe hiyo kazi leo,” nilisema. “Mpe sasa hivi, asicheze.”

Aliichukua ile jezi mezani, akaanza kuikunja.

“Unangoja nini?”

“Hakuna kazi,” alisema. “Ofisi ni buti la gari langu. Unaona nani mwingine anabeba jezi? Hata mimi nilipokuwa Kanada waliniahidi hivyohivyo, nikacheza na taya limepasuka.”

“Na wewe ukaona ni jambo zuri la kumfanyia mwenzako.”

Tonton alikuwa anaokota pini, kola imechanika. Hakuinua kichwa. “Kamwambie,” alisema. “Leo. Mama ataenda nawe ahakikishe umesema.”

Kwenye gari lake, njia nzima kila robot, taa ya barabarani, ilikuwa nyekundu. Wodini, mpiganaji alikuwa na uso wa mtu mwingine, zambarau, umevimba. Aliniuliza koti likoje. Mkurugenzi alisimama karibu na kitanda akasema yote kwa pumzi moja, kwamba ofisi haipo, haikuwahi kuwepo, Jumamosi utanifia bure.

Mpiganaji alimsikiliza. Kisha akamuashiria asogee, kama anataka kumnong'oneza. Mkurugenzi akainama. Ngumi ilitokea chini ya shuka. Stendi ya dripu ilianguka, mgonjwa wa pili akapiga yowe. Mkurugenzi mikono yake hakuiinua. Akala ya pili, akapiga magoti, damu inachuruzika kwenye sakafu, na yule wa kitandani anamtukana kupitia waya wa meno, “Usirudi! Usinione tena! Sikuchezei tena!” mpaka manesi wakatutoa mbio.

Nje kulikuwa na bomba la bustani. Mkurugenzi akainamia maji, akashika pua, akairudisha kwa vidole vile visivyokunjika. Ikalia.

“Kaisikia habari yote,” alisema. “Kanisogeza karibu kwanza. Umeona? Kichwa chake bado kinafanya kazi.”

Alikuwa karibu anacheka. Nilimwambia anyamaze, anirudishe kazini.